Sifuri Kati ya Dar na Nairobi

Tasnifu yangu ya uzamili niliiandikia Uholanzi, nayo ilihusu kampuni za Kenya zinazofungua matawi kwetu Tanzania: benki, bima, maduka makubwa. Msimamizi wangu alitaka niweke kipimo cha umbali wa kitamaduni, yaani namba inayoonyesha tamaduni za nchi hizo mbili zinatofautiana kiasi gani. Wote wanaotafiti biashara za kimataifa wanakiweka, alisema, na wasahihishaji watakiulizia.

Kanuni yenyewe, ya watafiti Kogut na Singh, ya mwaka 1988, si ngumu. Unachukua alama za utamaduni ambazo mtafiti Mholanzi Geert Hofstede alizipa nchi kutokana na hojaji za wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, zilizojazwa kati ya 1967 na 1973. Unatafuta tofauti ya alama katika kila kipengele, unaizidisha kwa yenyewe, unagawanya kwa variansi ya kipengele hicho (kipimo cha jinsi alama za nchi zote zinavyotawanyika), halafu unapata wastani wa vipengele vinne. Nilianza na Uholanzi, kwa kujaribu tu. Umimi, yaani mtu kujitanguliza kabla ya kundi: wao 80, sisi 27. Nilicheka peke yangu maktaba, maana nilishawaona wanafunzi wenzangu wakigawana bili ya kahawa hadi senti ya mwisho. Kuogopa yasiyotabirika: wao 53, sisi 52. Hiyo ilinishinda. Watu wanaopanga miadi ya chai wiki tatu kabla!

Nikaja Kenya. Jibu: 0.

Jedwali halikuwa na mstari wa Tanzania, wala wa Kenya. Lilikuwa na mstari mmoja, Afrika Mashariki, na humo tulijumuishwa sisi, Wakenya, Waethiopia na Wazambia, kwa kuwa waliojaza hojaji katika kila nchi walikuwa wachache mno. Na hojaji hizo zilianza 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, benki zetu zikitaifishwa huku Nairobi ikikaribisha mitaji. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Kitabu cha Hofstede kilipotoka 1980, geti la Namanga lilikuwa bado limefungwa.

Jioni nililipeleka jedwali jikoni hosteli, ambako sifuri zote nne zilikuwa zinapika. Mwethiopia alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kwao mwaka una miezi 13, alitukumbusha, ingawa saa wanazihesabu kuanzia alfajiri kama sisi. Mzambia akasema basi yeye ndiye mgeni humo ndani, maana kila akiambiwa saa mbili anakuja mchana.

Mkenya, aliyewahi kufanya kazi Dar kwenye kampuni ya bima, hakuona ajabu.

"Dada, Dar ni nyumbani tu. Shida yenu ni kuzunguka. Mtu anaanza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, mpaka unasahau kilichokuleta."

"Na bosi anayeingia ofisini akiuliza ripoti iko wapi, hajamsalimia hata mfagizi? Unajua anavyosemwa akishatoka?"

Hakujua. Miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyemwambia, na nani angemwambia? Kwake Dar ilikuwa karibu. Kwa waliokuwa chini yake, yeye alikuwa mtu wa mbali sana. Kanuni haina namna ya kuliona hilo. Ukishaizidisha tofauti kwa yenyewe, kutoka Nairobi kwenda Dar na kutoka Dar kwenda Nairobi ni namba ileile. Mtafiti Oded Shenkar aliulalamikia ulinganifu huo mwaka 2001, na mimi nilikuwa nimemsoma haraka haraka kama mtu anayetimiza wajibu. Usiku ule nilimsoma tena, safari hii taratibu.

Kesho yake niliiingiza ile safu ya umbali wa kitamaduni kwenye programu ya takwimu hivyo hivyo. Kampuni zote zilikuwa za Kenya, zote zimekuja Tanzania, kwa hiyo safu nzima ilikuwa sifuri tupu. Programu iliitupa yenyewe: kisichobadilika hakiwezi kueleza kinachobadilika. Nilimchapishia msimamizi matokeo pamoja na lile jedwali la Afrika Mashariki. Aliliangalia, akauliza Zambia inapakana vipi na Ethiopia, kisha akasema safu hiyo iondoke, na badala yake niwahoji watu wa pande zote mbili, kila upande peke yake.

Mkenya wetu wa jikoni alikuwa wa kwanza kukubali. Aliomba tu nimtumie maswali mapema kwa barua pepe, tusije tukapoteza muda.