Kumbukumbu ya mradi: tagi za lugha kwenye tovuti ya ushonaji

Tovuti ina kurasa za Kiswahili, Kiingereza na Kisomali. Za Kiswahili zimegawanyika kwa nchi, kwani bei za vitambaa vya Gikomba na Eastleigh, Nairobi, hazimsaidii fundi anayenunua Kariakoo, Dar es Salaam. Huko hata shilingi ni nyingine. Shida ni kwamba fundi wa Tanzania akitafuta kwa Kiswahili, Google inamletea ukurasa wa Kiingereza wa Kenya.

Nimefungua msimbo wa kurasa na kusoma moja moja tagi za hreflang, yaani mistari inayoiambia Google kila ukurasa ni wa lugha na nchi gani. Kiolezo nilichonunua kimeweka nchi mahali pa lugha: "ke" kwa Kenya, "tz" kwa Tanzania. Katika ISO 639-1, orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha yenye herufi mbili, hakuna lugha yenye misimbo hiyo, kwa hiyo tagi hizo hazitambuliki. Ukurasa wa Uganda ndio balaa zaidi, maana "ug" ikisimama peke yake ni Kiuyghur, lugha ya kaskazini-magharibi mwa China! Lugha hutangulia, nchi hufuata ikihitajika: sw-KE, sw-TZ, en-UG. Uingereza nayo ni GB, si UK.

Kusahihisha misimbo hakukutosha. Kurasa zinazotajana lazima zitajane pande zote mbili, na kila moja ijitaje yenyewe pia. Ukurasa wa Kenya uliutaja wa Tanzania, wa Tanzania haukutaja wowote, na Google hupuuza tagi za namna hiyo. Naliona sharti la haki kabisa: lisingekuwepo, mtu yeyote angejitangaza kuwa toleo la tovuti ya mwenzake.

Kisha nikakuta kilichokuwa kikiharibu kazi yote. Kila ukurasa wa Kiswahili ulikuwa na tagi ya canonical, ile inayotaja ukurasa ulio asili, inayoelekeza kwenye ule wa Kiingereza. Yaani hreflang inasema "huu ni wa Watanzania", na mstari wa pili yake unasema "huu ni nakala tu, chukueni wa Kiingereza". Sasa canonical ya kila ukurasa inaelekeza kwenye ukurasa huohuo, na hreflang ya x-default inampeleka asiyelingana na lugha yoyote kwenye ukurasa wa kuchagua.

Kuna jambo ambalo Google hailitazami lakini mimi nalijali zaidi. Kurasa zote zilianza na lang="en", sifa inayosema kwamba ukurasa ni wa Kiingereza. Programu za kusoma skrini kwa sauti hutegemea sifa hiyo kuchagua matamshi, na eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, ina sauti ya Kiswahili. Msomaji asiyeona alikuwa akisomewa "pindo" na "kwapa" kwa matamshi ya Kiingereza, na sauti ya lugha yake ipo kwenye kompyuta yake. Hilo nililirekebisha kwanza, kabla ya yote niliyoyaandika hapo juu.

Nchi nimeiacha kwenye kurasa za bei tu. Mafunzo ya kukata na kushona yamebaki "sw" bila nchi, maana gauni la solo hukatwa vilevile Nairobi na Mwanza.

Kazi inayofuata ni ukurasa wa Dholuo. Msimbo wake, luo, una herufi tatu, na kwa hreflang Google hutaka ule wa herufi mbili. Nitaweka lang="luo" kwa ajili ya visomaji, hreflang nisiiweke, na kiungo cha Dholuo kikae wazi juu ya kila ukurasa.