Memphis kumfuata Otis Redding

Jamani nianze na hela. Chumba nilichobuki kwenye simu kilikuwa bei poa tu, kufika kaunta naambiwa kuna ada ya usafi, kuna kodi, kuna dipoziti, halafu AC inanguruma usiku kucha na baridi haitoki, na Memphis, huku Marekani, mwezi wa saba ni joto la kukosa pumzi. Nililipa kwa uchungu sana, ila nilichofuata mimi ni Stax, studio aliyorekodia Otis Redding, siku hizi makumbusho, mtaa wa McLemore.

Otis, yule mwimbaji wa soul, nimemsikia tangu mdogo kwenye redio kaseti ya baba pale Morogoro, Kiingereza sikijui ila machozi yananilenga.

Sasa ukiingia chumba cha kurekodia unashtuka, sakafu ina mteremko, miguu inakupeleka mbele yenyewe. Kuna mzee mmoja mweusi alikuwa na mjukuu wake, nikamuuliza, akaniambia hapa palikuwa sinema, walipong'oa viti mteremko wakauacha. Basi tukakaa naye, yeye ni wa mtaa huohuo. Anasema pale mbele palipokuwa panauzwa bisi Estelle Axton alifungua duka la santuri, wao wakitoka shule wanajazana kusikiliza bure. Studio ilikuwa ya huyo mama na mdogo wake wa kiume Jim Stewart, ukiunga herufi za majina yao ndo Stax. Wazungu hao, na mji ulikuwa wa ubaguzi haswa, lakini humo ndani weusi na weupe walipiga pamoja.

Otis alikuja 1962 kama dreva wa mpiga gitaa Johnny Jenkins! Kazi ya Jenkins haikwenda vizuri, muda ukabaki, dreva akapewa nafasi akaimba These Arms of Mine, na maisha yake yakageuka hapohapo.

Tarehe 10 Desemba 1967 ndege yake ikaanguka ziwa Monona, Wisconsin, ana miaka 26 tu, na vijana wa bendi ya Bar-Kays aliokuwa nao, akapona Ben Cauley peke yake. Mzee aliwataja wale vijana mmojammoja kwa majina, mjukuu anasikiliza. Dock of the Bay, aliyoirekodi siku chache kabla ya ajali, ikaja kushika namba moja Marekani 1968 yeye hayupo.

Na jengo lenyewe lilibomolewa 1989! Hili tunaloliona ni jipya, limefunguliwa 2003 palepale, na ule mteremko wakaujenga tena makusudi. Pembeni kuna shule ya muziki ya watoto wa mtaa huohuo.

Mimi hapo mawazo yote yakaenda kwa Mbaraka Mwinshehe wetu, naye kafa kijana, ajali ya gari, 1979. Mgeni akishuka stendi Morogoro leo akaniuliza Mbaraka alipigia wapi, nitampeleka ukumbi gani? Wazee waliocheza kwenye madansi yake wapo, wanazeeka. Nimempigia baba usiku uleule nikamwambia zile kaseti na santuri asigawe hata moja, na awaulize wenzake nani ana picha.