Jinsi nilivyowafundisha kusoma watoto waliokuwa wameachwa nyuma

Darasa la nne, wanafunzi 60, na karibu nusu yao hawakuweza kusoma aya moja. Masomo ya jioni hayakusaidia kitu, maana wote niliwapa zoezi lilelile. Nikajiuliza: vipi tukiacha kuwagawa kwa madarasa, tuwagawe kwa uwezo, kama wanavyofanya Pratham, shirika la elimu la kule India?

Nilimpima kila mtoto peke yake: herufi, neno, aya, hadithi. Walimu wenzangu watatu wakakubali, tukatenga saa moja kila siku. Mtoto mmoja alichanganya b na d. Tukamchorea mchangani, akazifuata kwa kidole mara nyingi sana. Wiki ya 12 alinisomea hadithi nzima.

Wakubwa waliona haya kukaa na wadogo, kwa hiyo makundi tuliyapa majina ya ndege.