Ufagio wa ami: kumbukumbu ya shamba la wageni, mwezi wa nane tangu nianze

Kwa waliokosa za nyuma: shamba ni eka tatu, zile alizopewa babu baada ya Mapinduzi ya 1964, kwenye mteremko nje kidogo ya Wete. Juu mikarafuu, katikati migomba na minazi, chini kabisa bonde la mpunga ambalo si letu. Nataka udongo urudishe nguvu zake bila mbolea ya dukani, na wageni wanaokuja Pemba walipe kidogo kuja kuuona. Mwezi huu mambo hayo mawili yamegombana, na chanzo ni ufagio.

Asubuhi ya wageni wa kwanza nilifika saa kumi na mbili na nusu nikakuta ami kashafagia chini ya mikarafuu yote, kuanzia njiani hadi kibandani. Majani niliyoyaacha yarundikane miezi saba yalikuwa yanafuka moshi. Nilishindwa hata kusema. Kwetu mgeni akija unafagia, basi. Na chini ya mkarafuu kufagia ni kazi yenye heshima zake, maana wakati wa kuchuma, pasipofagiwa mpeta, zile karafuu zinazoanguka chini, hauokoteki.

"Wageni waje waone jaa?" akaniuliza. "Watatuita wavivu, mwanangu."

Kesho yake sikubishana. Nilikata makopo mawili ya maziwa ya unga juu na chini, nikayadidimiza ardhini kiasi cha vidole vitatu, moja alipofagia, jingine kona ya nyuma ambako ufagio haujawahi kufika. Kila moja nikalimiminia lita moja ya maji. La nyuma lilikauka kwa dakika sita. La mbele tulilisubiri, tukanywa chai, ami akaenda kuswali Adhuhuri, akarudi, maji bado yamesimama. Akachutama akalikwaruza lile eneo kwa ukucha. Gumu kama sakafu.

Nikamweleza ninavyoelewa mimi. Majani yakiondoka, tone la mvua linaupiga udongo wenyewe, vumbi linaziba vitundu, maji yanakosa pa kuzama na yanashuka mbio na rutuba yake. Majani yakibaki, tone linavunjwa nguvu, na nyungunyungu wanapata chakula, nao ndio wanaotoboa njia za maji. Alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Kumbe lile tope analolalamikia mwenye mpunga ni letu."

Tumeafikiana hivi. Njia na kibanda vinafagiwa, kwengine kote hapaguswi. Njia yenyewe tumeitandaza makumbi ya nazi, kwa sababu miguu ya watu nayo inasindilia. Mikarafuu mwaka huu imetupumzisha, haina kitu, lakini msimu ukija tutatandika majamvi chini ya mti unaochumwa. Ami anasema mpeta utapotea tu. Huenda yeye ndiye mkweli, tutaona.

Makinga maji: mistari mitatu ya mchaichai imekamilika, nimeipima kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe katikati. Mvua za vuli zimeutoboa mstari wa pili kwa sababu niliupanda mwishoni, haujashika. Mchaichai nimeuchagua kwa uroho: mizizi inazuia udongo, majani yanaingia birikani kwa wageni.

Hasara ya mwezi: kampuni moja ya matembezi ilituahidi watu wanne ikashusha kumi na wanne, bila simu. Tuta la manjano likakanyagwa lote. Kuanzia sasa mwisho ni sita, shilingi 20,000 kwa kichwa na chakula ndani yake, na anayekuja bila kusema atakunywa dafu arudi.

Ila hao hao kumi na wanne wamenifundisha kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa yale ya kila siku, nusa hiki, onja kile, vaa kofia ya makuti. Walichokigandia ni makopo yangu mawili. Mmoja, mkulima kwao Ufaransa, alipiga magoti akafukua udongo wa kona ya nyuma akaunusa. Ami alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayemimina maji, na anahesabu dakika kwa sauti.

Sasa vanila. Ami aliipanda miaka minne iliyopita kwenye miti ya gilirisidia akaisahau, na mwezi huu imetoa maua kwa mara ya kwanza. Ua hufunguka asubuhi moja tu, mchana limeshalegea, na huku hakuna mdudu wa kwao Meksiko wa kulipandisha, lazima mkono wa mtu. Wageni wa hoteli za upande wa Kigomasha wananifikia saa tano, ua limeshakufa. Kwa hiyo anayetaka vanila awe hapa saa mbili, atakuta chai na muhogo.

Nilimsimulia ami kwamba njia hii ya mkono iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12. "Mtoto!" akasema, akachomoa chelewa moja kwenye ufagio wake, akaichonga kwa meno, akainua kile kigozi kidogo ndani ya ua na kubana kwa kidole gumba. Mara ya kwanza aliling'oa ua zima. Ya tatu akapatia.

Ua lisiloshika huanguka siku moja au mbili. Jana nimehesabu: maua 19 aliyoyabana, 13 bado yapo. Maganda yatataka kama miezi tisa kukomaa.

Wiki ijayo: kuziba mstari wa pili, kuleta makumbi gari mbili za ng'ombe, na kumtafutia ami ufagio mwengine, maana huu umebaki nusu.