Zakuska, kutoka Warsaw mpaka Sofia

Warsaw, Poland, tumefika usiku, Oktoba, baridi ya kwelikweli, mwenyeji wetu akatupeleka baa ya kusimama, hakuna viti, watu wameegemea kaunta na vigilasi vya vodka. Kule vodka hainywewi tupu, lazima kuwe na zakąska ya kushushia. Nikaletewa śledź, samaki wa chumvi hajaguswa na moto, kalowa mafuta na vitunguu vibichi juu yake. Mimi mtu wa pwani, samaki nawajua, lakini huyu aisee mlaini ajabu, sahani nikaifuta na mkate.

Kesho yake treni mpaka Prague, nchi ya Wacheki. Huko neno hilo hilo, zákusek, ni keki ndogo. Nilikula větrník, imejaa krimu na juu imepakwa karameli inayonatia vidole, utamu mpaka unaomba maji. Mzizi ni ule ule, kus, yaani kipande cha kung'ata, ila kila nchi imekipeleka kwenye meza yake.

Romania ndo nilipopapenda. Wale sio Waslavi kama Wapolandi na Wacheki, lugha yao inatokana na Kilatini, lakini neno wamelichukua wakalipa chungu chao, zacuscă. Tulimkuta mama mmoja uani kwake anachoma mabilinganya na hoho nyekundu mpaka maganda yanakuwa meusi, anayamenya yakiwa bado moto huku anapuliza vidole, anasaga, halafu yanaingia sufuriani na vitunguu, nyanya na mafuta mengi, anakoroga masaa, ukiacha tu inaungua. Anajaza machupa ya kula msimu wote wa baridi, anapaka kwenye mkate. Alitupakia vipande vinene bila hata kutuuliza kama tuna njaa, ukarimu wa hivyo nauheshimu sana.

Tukavuka mto Danube kwa basi, lile daraja la 1954 la kati ya miji ya Giurgiu na Ruse, tukashuka mpaka Sofia, Bulgaria. Kule zakuska ni chakula cha asubuhi. Saa moja watu wako foleni kwenye kidirisha wananunua banitsa, chapati nyembamba kama karatasi zimepangwa na jibini na mayai halafu zikaokwa, na chupa ya boza, kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, kitamu na kikali kidogo, togwa kabisa! Wenzangu wazungu wawili waliionja wakaiweka chini, mimi nikanywa yangu na za kwao, nikarudi foleni kuchukua banitsa nyingine ya njiani.