Namba ya tairi niliisoma mlangoni

Watu watatu walinipa ushauri uleule, na wote watatu walinipoteza. "Kasome namba iliyo kwenye tairi lako, kanunue kama hiyo." Kwa gari ulilolitoa jipya na hujawahi kulibadilisha matairi, sawa. Langu nililinunua kwa mtu aliyeliendesha miaka kadhaa, na huyo alishabadilisha matairi kwa utashi wake. Mimi nikaja kunakili kosa lake, kisha muuzaji akaongeza lake juu.

Matairi yalikuwa yamekwisha kweli. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vidaraja vidogo vya mpira. Kashata, yaani ule mpira wa juu unaogusa barabara, ikishuka hadi kulingana navyo, ujue zimebaki milimita 1.6 tu. Tairi jipya la gari dogo huanza na kama milimita 8. Yangu yalikuwa yamelingana na vidaraja, na mawili ya mbele yalikaribia kuwa kipara upande wa ndani. Nikainama, nikasoma ubavuni 205/65 R15, nikaenda dukani.

Saizi hiyo haikuwepo. Muuzaji akaniambia, "Bosi, chukua 215/65 R15. Ringi ni ileile, 15 kwa 15. Tena hili ni pana, linashika barabara, na gari linanyanyuka kidogo." Maneno yalikaa sawa masikioni. Mwisho wa namba unafanana, 65 inafanana, kilichobadilika ni 205 kuwa 215. Nikalipa, yakafungwa yote manne, yakapigwa balansi, nikaondoka.

Siku tatu za kwanza niliendesha peke yangu, barabara nzuri, sikusikia kitu. Siku ya nne tulikuwa watano ndani na buti limejaa. Nakata kona kuingia maegesho, usukani umefika mwisho, nikasikia *krrrr* mbele kushoto, kama mtu anaburuta kipande cha bati. Nikanyoosha usukani, kimya. Nikakata tena, *krrrr*.

Fundi wa kwanza alisema ni beringi. Tukabadilisha beringi. Sauti ikabaki palepale. Wa pili akasema shokomzoba zimechoka, ndiyo maana inalia ukipakia watu. Hoja yake ilinishawishi kwa sababu kweli ilikuwa inalia zaidi tukiwa wengi. Tukabadilisha mbili za mbele. Sauti ikapungua siku mbili, ikarudi. Kufikia hapo nilishatumia pesa inayokaribia bei ya matairi yenyewe, na hakuna fundi hata mmoja aliyeinama kusoma namba ya tairi. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Jioni moja nikaamua kutafuta mwenyewe. Nilikata usukani wote kulia, nikapiga magoti na tochi, nikapenyeza mkono nyuma ya tairi la kushoto. Ile plastiki ya ndani ya madgadi, ambayo kote ina vumbi na matope makavu, ilikuwa na ukanda laini unaong'aa, upana wa vidole viwili, kama umepigwa msasa. Chini yake kulikuwa na unga mweusi wa mpira, chembechembe kama majani ya chai. Na bega la tairi, pale kashata inapokutana na ubavu, lilikuwa limelambwa, vile vinyweleo vya mpira mpya vimekatika upande huo tu. Tairi lilikuwa linasugua gari. Beringi na shokomzoba zilikuwa nzima zote.

Hapo ndipo nikakumbuka tairi la spea. Lilikuwa halijawahi kutolewa kwenye shimo lake tangu gari litoke kiwandani. Nikalitoa, nikafuta: 195/65 R15. Nikafungua mlango wa dereva, na kwenye nguzo ya bodi pale mlango unapofungia kulikuwa na kibandiko kilichofifia kwa vumbi. Nikakisugua kwa kidole gumba: 195/65 R15 91H, na chini yake upepo wa mbele na wa nyuma. Kwenye magari mengine kibandiko hicho kiko nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta, na kwenye kitabu cha gari namba hizo zimo vilevile. Miezi yote ile nilikuwa naufungua na kuufunga ule mlango kila siku.

Sikutaka tena kuamini maneno ya mtu, nikapima. Nilichukua chaki na futi kamba. Spea nikaisimamisha sakafuni penye usawa, nikaweka alama ya chaki chini kabisa ya tairi na alama nyingine sakafuni hapohapo. Nikaibingirisha taratibu mpaka alama ya tairi iguse sakafu tena, nikaweka alama ya pili. Sentimita 199 na ushei. Nikapiga jeki, nikafungua tairi jipya la mbele, nikafanya vilevile. Sentimita 207 na nusu. Nikarudia mara tatu kila moja, kwa sababu sikuamini kwamba tofauti ya namba moja kwenye duka inaweza kuwa sentimita nane kwa kila mzunguko.

Baadaye nilikaa na kalamu, na hesabu ikakubaliana na chaki. Ile 195 ni upana kwa milimita. Ile 65 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya huo upana. Na 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi, kila inchi milimita 25.4. Kwa hiyo 195 mara 0.65 ni 126.75, zidisha kwa mbili, maana kuna ubavu juu na ubavu chini, ni 253.5, ongeza ringi 381, unapata kipenyo cha milimita 634.5. Fanya hivyo kwa 215/65 R15, unapata 660.5. Hapo ndipo kosa la muuzaji lilipojificha. Alidhani 65 ni kipimo kisichobadilika, kumbe ukiongeza upana huku ukiacha 65 palepale, ubavu nao unapanda. Tairi langu lilikuwa refu kwa milimita 26, maana yake 13 zimepanda kuelekea madgadi, na pana kwa milimita 20, kumi kila upande. Gari tupu lilikuwa na nafasi ya kulivumilia. Likipakiwa, springi zikashuka, nafasi ikaisha.

Kuna na jingine ambalo halilii, kwa hiyo huligundui. Spidomita huhesabu mizunguko, haijui ukubwa wa tairi. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 4, kila dashibodi inapohesabu kilomita 100 gari limekwenda 104. Kwa mwendo ni vilevile, unakwenda kasi kuliko unavyoonyeshwa. Wenye uangalifu hawavuki asilimia 3 ya kipenyo cha kiwandani, na mimi sasa hivi hata hiyo 3 siikaribii. Kama mtu anataka upana, ashushe asilimia: 205/60 R15 inatoa milimita 627, tofauti na ya kiwandani kwa kama asilimia 1. Ukitaka ringi ya 16, 205/55 R16 inatoa karibu 632. Ila lazima pia uangalie kama upana wa ringi yako unalikubali tairi hilo.

Safari ya pili ya dukani nilikwenda na picha ya kibandiko kwenye simu. Duka la kwanza likanipa 195/60 R15 88H. "Kaka, ni sawasawa, imepungua tano tu." Haikuwa sawasawa. Kwanza ni fupi kwa milimita 19 na nusu. Pili, ile 88. Namba hiyo ni uzito: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560. Kwa matairi manne umepoteza uwezo wa kilo 220, na mimi ndiye ninayebeba watu watano. Herufi ndiyo kasi: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Kwa uzito na kasi, kupanda juu ya kilichoandikwa mlangoni hakuna shida, kushuka ndiko sikukubali.

Duka la pili walikuwa na saizi kamili, matairi yanang'aa kama yametoka kiwandani jana. Nikaomba kuona tarehe. Akanionyesha ubavu mmoja, hakuna. Nikaligeuza. Tarehe kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu, na likishafungwa upande huo unaweza kuangalia ndani ya gari. Kwenye mstari unaoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho zilisomeka 1516: wiki ya 15 ya mwaka 2016. Lilikuwa limekaa miaka saba. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Watengenezaji kadhaa wa magari husema tairi libadilishwe likifika miaka sita bila kujali kashata, na wengi wa watengenezaji wa matairi huweka kumi kuwa mwisho kabisa. Nikamrudishia. Alikasirika, akasema mimi ni mteja wa kwanza kumwuliza. Ya kwangu niliyapata duka la tatu, yote manne ya mwaka uleule.

Kuhusu aina, jirani alinishikilia ninunue yale ya kashata kubwa za vipande, kwa sababu kuna kipande cha barabara ya vumbi ninachopita. Kipande hicho ni dakika kumi, safari yangu iliyobaki yote ni lami. Matairi ya namna ile huvuma kwenye lami, ni mazito, yanakula mafuta, na breki kwenye lami yenye maji hazishiki kama za tairi la barabarani. Nikachukua la barabarani lenye mifereji minne mirefu inayosukuma maji. Ningekuwa naishi mwisho wa njia ya matope ningeamua vingine.

Yakaja mabishano ya upepo. Kijana wa kujaza alisoma ubavuni namba kubwa, akataka kujaza hiyo. Ile ni ya juu kabisa tairi linaloweza kubeba. Upepo wa gari lako uko kwenye kile kibandiko, na unapimwa matairi yakiwa baridi. Nikamfungulia mlango, akasoma mwenyewe.

Mdogo wangu naye, aliponunua mawili tu, fundi alitaka kuyafunga mbele "maana ndiyo yanayovuta." Nilisimama pale mpaka yakafungwa nyuma. Mbele ikiteleza kwenye maji unaisikia kwenye usukani na ukipunguza mwendo gari linarudi. Nyuma ikiteleza gari linageuka kabla hujajua.

Yale 215 niliyauza kwa mtu ambaye gari lake linayataka kweli, baada ya kwenda kuusoma mlango wake kwanza. Kisha nikapakia watu walewale watano, mizigo ileile, nikaenda maegesho yaleyale. Nikashusha vioo, nikawaomba wanyamaze, nikakata usukani mpaka mwisho kulia, halafu mpaka mwisho kushoto. Tulisikia kokoto chini ya matairi, basi.