Mbona Hatushuhudii Chemchemi Iliyorudi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii maombi yamenilemea. Napiga magoti kuiombea nchi, na kabla sijafika mbali maneno yananiishia. Nikishika simu nakuta mto uliokauka, daraja lililobebwa na maji, msitu unaoungua, na chini yake mpendwa mmoja ameandika, "Ndizo siku za mwisho hizi." Nilimwambia mume wangu, hata sijui niombe nini. Mvua ije? Ikija inaondoka na nyumba za watu. Tangu tope liliposhuka Mlima Hanang likaifunika Katesh, Desemba 2023, ngurumo ya usiku hunitoa usingizini, na mimi siishi karibu na mlima wowote.

Katika hali hiyo nikajikuta Hesabu 13. Mnaijua habari yenyewe: wapelelezi kumi na wawili waliotumwa na Musa kuipeleleza nchi ya ahadi, siku arobaini, kichala cha zabibu ambacho ilibidi watu wawili wakichukue kwenye mti. Nimeisikia tangu shule ya Jumapili, ila safari hii nilisimama mahali ambapo huwa napapita haraka. Wale kumi walioleta habari mbaya hawakuanza na uongo. Wana wa Anaki, yale majitu, walikuwepo kweli. Miji ilikuwa na maboma kweli. Hata zabibu walizionyesha. Kisha habari ikaendelea kukua mdomoni mwao, nchi ikawa inakula watu wake, wao wenyewe wakawa kama mapanzi, na Mungu aliyewavusha Bahari ya Shamu hakutajwa tena popote. Usiku ule kambi nzima ikalia. Baadaye wakaanza kutafuta kiongozi wa kuwarudisha Misri!

Kalebu, mmoja wa wale wawili waliowapinga, hakuisahau siku ile. Miaka arobaini na mitano ilipita, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, bado anamkumbusha Yoshua kwamba ndugu zake waliiyeyusha mioyo ya watu. Na mzee huyo akaomba apewe nini? Mlima uleule wenye Waanaki. Hakuwahi kukana kwamba majitu yapo.

Sasa niwape ushuhuda. Mimi nimezaliwa Shinyanga, na vijana wengi wa jumuiya yetu hawajui kwamba mkoa ule ulifika mahali ukaitwa Jangwa la Tanzania. Mapori yalikuwa yamefyekwa tangu enzi za wakoloni ili kumaliza mbung'o, yakafuata mashamba ya pamba, mkaa, na ng'ombe waliozidi uwezo wa malisho. Wanawake walitembea masaa mengi kutafuta mzigo mmoja wa kuni. Mtu angeandika pale "siku za mwisho" na asingepingwa.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba hawakuishia kuwatangazia watu hatari. Walikwenda vijijini na maigizo, na video, na magazeti, wakakaa na wananchi, na wakaliokota jambo ambalo babu zetu Wasukuma walikuwa wanalijua: ngitili. Kwa wasioijua, ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili majani yabaki kwa ajili ya ndama na maksai kiangazi kikiuma. Ukiifunga vizuri, mizizi na visiki vilivyobaki ardhini vinachipua vyenyewe. Miti ilikuwa haijafa yote, wapendwa. Ilikuwa inanyimwa nafasi.

Wakati mradi unaanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya mia nane. Katikati hapo, mwaka 2002, kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nyuki walirudi, ndege walirudi, dawa za miti zilirudi, na kuna watoto waliolipiwa ada kwa mazao ya ngitili.

Na haikuwa rahisi, nisije nikawadanganya. Dagashida, yaani mkutano wa kijadi wa wanakijiji, ilikaa kutunga sheria, sungusungu, walinzi wa jadi, wakalinda, na aliyeingiza ng'ombe wake kwa ujanja alilipa faini, awe mjomba wa nani. Watu walinuniana. Ukisimulia habari ya tumaini ukaiacha sehemu hiyo, msikilizaji atafikiri miti ilirudi kwa kuimba pambio, na akijaribu kwake na majirani wakamchukia ataona ameachwa na Mungu.

Hapo ndipo ninapotaka kusema jambo, na mnivumilie, maana limenikaa kifuani. Kila Jumapili tuna kipindi cha shuhuda. Nimesikia ushuhuda wa viza, wa gari, wa kiwanja, wa mchumba aliyepatikana baada ya mfungo. Mungu ashukuriwe kwa yote, sina neno nayo. Lakini hivi ni nani aliyewahi kusimama madhabahuni akasema: chemchemi ya kwetu ilikauka, tukakatazana kulima kandokando yake, tukapanda, tukangoja, na sasa maji yanatoka? Kwani huo si uponyaji? Zaburi ya 78 inasema hatutawaficha watoto mambo ya ajabu aliyoyafanya Bwana. Sisi tumewaficha. Tumewaonyesha watoto wetu picha zote za mafuriko, na hakuna aliyewapeleka kuona korongo lililopona. Halafu tunashangaa kijana wa kidato cha tatu anauliza kuna faida gani kupanda mti ikiwa dunia inaisha.

Na ninyi mnaohubiri, kwa heshima yote, baba zangu na kaka zangu. Acheni kulitumia kila janga kama fimbo. Watu wakiogopa watakuja mbele, ni kweli, watalia, na Jumatatu watakata mkaa kama kawaida, kwa sababu hofu haikuwaambia wapikie kitu gani badala yake. Yoshua alipovuka Yordani alisimamisha mawe Gilgali ili mtoto akiuliza, "Mawe haya maana yake ni nini?" mzazi awe na cha kumsimulia. Alijua watoto watauliza. Mimbari zetu zimesimamisha mawe gani ambayo mtoto anaweza kuyauliza?

Mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha harakati za kina mama za kupanda miti, alilielewa hili. Alipopokea Nobeli ya Amani kule Oslo, Desemba 2004, dunia nzima ikimsikiliza, alisimulia kijito cha utotoni kwao, jinsi alivyokuwa akijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, nayo yakimkatikia mkononi. Kisha akasema kijito kile kimekauka, na kwamba kazi iliyopo ni kuwarudishia watoto makazi ya viluwiluwi. Mwanamke huyo alikuwa ameshapigwa na kuwekwa rumande kwa ajili ya kazi hii. Angeweza kusimulia vipigo tu, na angekuwa na haki.

Yeremia sitamzungumzia sana, someni wenyewe sura ya 32. Mji wa Yerusalemu umezingirwa na Wakaldayo, jeshi la Babeli, yeye ni mfungwa katika uwanda wa walinzi, na bado analipa shekeli kumi na saba za fedha kununua shamba la Anathothi. Anaita mashahidi, anatia muhuri, hati inawekwa katika chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Yaani pesa taslimu, kwa shamba ambalo adui analikanyaga!

Nimezungumza na mzee wa kanisa, na Jumapili ijayo tumepewa dakika kumi za kipindi cha shuhuda kwa jambo hili moja. Mwenye habari ya bonde, kisima, shamba au mlima uliopona kwao, ajiandae. Sema palikuwaje zamani, nani alianza, mligombana wapi, na sasa pakoje. Chumvi usiongeze, Mungu hahitaji kusaidiwa kwa uongo. Wenye picha za zamani za mto wetu, kabla ya machimbo ya mchanga, mnitumie kabla ya Ijumaa jioni ili vijana waziandae kwa ajili ya projekta. Na wazee wetu ambao hawako kwenye kundi hili, tafadhali waambieni ana kwa ana, maana wao ndio wanaokumbuka maji yalifika wapi.